Mafurushi ya Bi Maswali

Jina lake la kwenye cheti lipo, lakini pale hospitalini nani alikuwa na habari nalo? Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari bingwa, wote walimwita Bi Maswali, naye akaitika. Walimbandika jina hilo alipoajiriwa kutengeneza mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa. Badala ya kujifungia na kompyuta yake kama walivyotarajia, alizunguka wodi baada ya wodi na kiti chake cha kukunja, akakaa ubavuni mwa manesi na kuuliza kitu kilekile. "Dada, ukiifungua hii mashine, unataka ikujibu nini?" Nesi mmoja alimwambia angetaka imjibu mshahara unaingia lini. Bi Maswali alicheka pamoja nao, akangoja kicheko kiishe, kisha akauliza tena. Alikuwa king'ang'anizi, huyo mama, usipime.

Watu wakamsengenya. Fundi gani wa kompyuta huyu, anayeshinda kwenye mabenchi akipiga soga? Haya, kusengenya hakuhitaji elimu. Wangetulia kidogo wakamsikiliza wangejua kwamba kupiga soga ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Maana kazi ile ina namna mbili. Kuna ya zamani, ambamo habari hupangwa kwenye majedwali: wagonjwa hapa, dawa pale, madaktari kule. Mtu akiuliza lolote, mashine huyaunganisha majedwali papo hapo na kutoa jibu. Inajibu kila swali, hata la kipuuzi, ila wagonjwa wakishakuwa wengi huanza kukokota miguu. Namna ya pili, aliyoisomea Bi Maswali na kuipenda, haina majedwali. Unakusanya kila kitu kinachohusu jambo moja, unakifunga furushi moja, unaliweka mahali pake. Ukilihitaji unalichukua zima zima, kufumba na kufumbua. Sharti lake ni kwamba ujue mapema utaulizwa nini, kwa sababu furushi hufungwa kwa kufuata swali. Swali ulilolijua litajibiwa upesi ajabu. Ambalo hukulijua, utafungua furushi moja moja mpaka ukome.

Ndiyo maana alizunguka na kile kiti. Na alichokigundua ni kwamba watu wote pale, wawe wa vyeo au wa kawaida, maswali yao yalianza kwa maneno mawili: mgonjwa huyu. Mgonjwa huyu anaumwa nini? Mgonjwa huyu ameshapimwa damu? Mgonjwa huyu amechomwa sindano gani mara ya mwisho? Basi akaamua kila mgonjwa awe na furushi lake, na ndani yake kila kitu: jina, simu, ndugu wa karibu, vipimo, na kila dawa aliyopewa pamoja na namba ya toleo, ile inayopigwa chapa kwenye chupa kuonyesha ilitengenezwa kiwandani pamoja na chupa zipi nyingine.

Kulikuwa na swali moja zaidi, la kwake mwenyewe. Kwenye kikao cha mwisho alilitoa. "Na siku mtu akitaka kujua dawa fulani wamepewa nani na nani? Hapo haanzi na mgonjwa, anaanza na dawa. Ningependa tufunge furushi la pili, la kila toleo, lenye majina ya waliolipata."

Mfamasia mkuu alikuwa mtu wa kuvaa miwani kwenye paji la uso kutwa nzima na kuitafuta mezani. Akatikisa kichwa. "Yaani kila sindano iandikwe mara mbili? Dada yangu, foleni ya dirishani umeiona? Dawa ikiharibika tunaigundua stoo, tunairudisha. Hilo swali halina mwenyewe."

Mkurugenzi alitazama saa yake. Bi Maswali akaliondoa lile furushi la pili. Hakuna aliyemlazimisha. Hata yeye alikuwa akiwafundisha wenzake kwamba furushi la swali lisilo na mwenyewe ni mzigo wa bure, na siku ile aliona ameshauriwa vizuri.

Mfumo ulipowashwa, watu walishangaa. Daktari aliandika namba ya mgonjwa na kabla hajaondoa kidole habari zote zilikuwa mbele yake. Wageni wakaletwa kuuona. Mkurugenzi alipenda kusimama nyuma ya kiti cha Bi Maswali na kusema "huyu ndiye kichwa chetu", na yeye alikuwa akitazama sakafu.

Nyumbani hakuwa kichwa cha mtu. Aliishi na mama yake kwenye vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na ngazi zile zilikuwa zimemmaliza mama magoti. "Unawauliza watu maswali kutwa nzima," mama alimwambia jioni moja, "ukirudi hapa hata kuniuliza kama nimekula hujui." Bi Maswali akaomba radhi, akauliza kama amekula. "Nimekula muda mrefu, na chako nimefunika. Ona sasa, ningengoja swali lako tungelala njaa wote wawili." Ndivyo walivyoishi, wakitaniana, binti akimpeleka mama kila baada ya miezi michache kuchomwa sindano ya magoti, mama akilalamika njia nzima na kutembea vizuri wiki nzima.

Basi. Asubuhi moja Bi Maswali alikuwa ndiyo kwanza ameweka mkoba chini, mfamasia mkuu akaingia bila hodi. Miwani yake ilikuwa machoni. Hilo peke yake lilimshtua.

"Zile sindano za maumivu ya viungo na mgongo," alisema. "Kiwanda kimetoa tangazo. Toleo moja lina ukungu ndani, ule wa mkate uliolala. Waliochomwa lile lazima tuwapate leo hii hii, tuwaanzishie dawa. Ukungu ukishapanda kwenye ubongo, kichwa kikianza kuuma, tena hakuna mengi ya kufanya. Nipe majina."

Bi Maswali akamtazama. "Sina."

"Huna vipi? Si kila sindano tunaiandika na namba yake?"

"Mnaiandika. Iko ndani ya furushi la kila aliyechomwa. Ukinitajia mgonjwa, nakuambia alichomwa toleo gani sasa hivi. Ukinitajia toleo, sina pa kuanzia. Itabidi yafunguliwe yote."

Stoo haikusaidia kitu. Chupa za toleo lile zilikuwa zimegawanywa kwenye vituo vyote vya hospitali, zikachanganywa na nyingine, zikaisha. Wote wawili walikuwa wanakikumbuka kile kikao, na hakuna aliyekitaja.

Dawa ya tatizo ilikuwepo. Ilitakiwa programu ndogo ya kupita kwenye mafurushi yote, moja baada ya jingine, na kuchomoa kila lenye namba ile. Ilitakiwa kuandikwa kwa uangalifu, maana ikiandikwa ovyo ingeukaba mfumo mzima, na chumba cha upasuaji kingebaki kinatazama skrini tupu. Kwa mtu aliyetulia ilikuwa kazi ya saa chache. Bi Maswali akavuta kiti na kuandika mistari ya kwanza.

Halafu akamkumbuka mama yake.

Magoti ya mama. Alimpeleka mwenyewe, alimshika mkono mwenyewe. Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Kujua kulikuwa kufumba na kufumbua. Aliandika namba ya mama na furushi likafunguka. Toleo jingine kabisa. Bi Maswali alijifunika mdomo kwa viganja viwili, akasema asante Mungu, machozi yakamtoka bila kuyaomba ruhusa.

Aliyekaa meza ya pili, bwana mmoja mtunza mitambo ambaye wote walimwita Mzee wa Seva, alikuwa ameona. Kwa kawaida yeye ni mtu wa mzaha, hamalizi sentensi bila kumchokoza mtu. Safari hii alisema polepole, "Mke wangu alichomwa begani. Niangalizie."

Akamwangalizia. Mzima. Mzee wa Seva akatoka kwenda kumpigia simu mkewe, na huko koridoni akamwambia mtu, na mtu akamwambia mtu. Habari ya namna hiyo haihitaji tangazo. Dakika chache baadaye mlango wa Bi Maswali ulikuwa umejaa. Mhasibu alikuwa na mjomba. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa na dada wa kuzaliwa naye tumbo moja. Karani wa chumba cha maiti, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa na shangazi aliyemlea, na alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili akingoja jibu. Mkurugenzi alipiga simu kumuulizia baba mkwe, kisha akapiga tena kumuulizia rafiki wa baba mkwe.

Na usidhani ilikuwa upuuzi. Nesi mmoja wa wodi ya watoto alitaja namba ya baba yake, na toleo likawa lile lile. Yule dada alipiga ukelele hata walio ghorofa ya chini wakasikia. Walimkimbilia mzee huko shambani kwake kwa gari la hospitali, wakamleta, akaanzishiwa dawa bado akiwauliza kuna nini. Alipona. Sasa mtu ukishaona hivyo, aliye mbele yako utamwambiaje aondoke? Kila mmoja alisema "huyu mmoja tu". Na kweli, kila mmoja alikuwa ni huyo mmoja tu.

Mfamasia mkuu alirudi. "Programu imefika wapi?"

Bi Maswali alitazama skrini. Mistari ya asubuhi ilikuwa pale pale alipoiacha. Aliwatazama waliojaa mlangoni, sura zote anazozijua, watu wa kuamkiana nao kila siku, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Kila aliyesimama pale alikuwa na mtu ndani ya jengo lile wa kumsemea. Wale wengine, ambao hawakuwa na mpwa nesi wala shemeji dereva, walikuwa wapi saa ile? Walikuwa kwenye shughuli zao, hawana hili wala lile.

"Tokeni," alisema. Hawakuelewa. Akasimama. "Jamani, tokeni! Tokeni nje!"

Mhasibu alinuna, na hadi leo akikutana naye kwenye ngazi anapitiliza. Mkurugenzi akapiga simu tena, Bi Maswali akaiacha iite. Mzee wa Seva alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akawa mlinzi. Bi Maswali akaandika.

Jua lilikuwa limeshavuka katikati alipomaliza. Aliomba wodi zote zirudi kwenye kalamu na karatasi mpaka jioni ili programu iende mbio bila kumkaba mtu. Mkurugenzi alianza kusema habari za taratibu, mfamasia mkuu akamkata kauli mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Wodi zikarudi kwenye karatasi.

Majina yakaanza kutoka. Hayakutoka kwa herufi wala kwa mtaa wala kwa umri. Bi Maswali mwenyewe ndiye aliyeyatawanya mafurushi kwenye mashine nyingi bila mpango unaoonekana, ili mzigo usiielemee mashine moja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema nani atatokea mapema na nani atachelewa. Manesi waligawana simu. Huyu kapatikana, yuko njiani. Huyu yuko kazini, atumiwe gari. Huyu hapokei, mpigieni mkewe. Alasiri nzima ilikuwa sauti za watu wakiwaambia wengine waache wanachofanya waje, na wengi wakaja, wengine na ndala, wengine wamebishana njia nzima kwamba wao ni wazima.

Likatoka jina la fundi cherehani mmoja. Mtu mzima, kachomwa mgongoni, kituo cha mjini. Manesi wote walikuwa kwenye simu, Bi Maswali akapiga mwenyewe. Mahali pa ndugu wa karibu hapakuwa na jina, kulikuwa na namba ya fundi tu.

Alipokea mwanamke. "Mwenye simu hayupo, mama. Mimi nauza nyuzi hapa mlango wa pili. Wamemchukua sasa hivi kumpeleka hospitali. Alikuwa anakata kitambaa, akasema kichwa kinamuuma, mara akakaa chini, mara hatujui anasema nini."

Bi Maswali alishika simu kwa mikono yote miwili. "Asubuhi alikuwaje?"

"Asubuhi? Mzima kabisa. Alifungua duka kama kawaida, tukataniana hapa. Asubuhi hakuwa na neno."

Alishukuru, akakata simu, akaendelea na jina lililofuata. Nisikudanganye, aliendelea. Alipiga simu mpaka orodha ikaisha, sauti yake haikutetemeka, na Mzee wa Seva baadaye alisema angetamani itetemeke.

Wengi sana walipona. Hilo liwekwe wazi, kwa sababu ni kweli na ni kubwa. Fundi cherehani alilazwa, akapewa kila kilichokuwepo, na siku chache baadaye akafariki bila kuzungumza tena. Hakuwa na mke, wazazi walishatangulia, na kama aliwahi kuwa na ndugu basi hakuna jirani aliyewahi kumwona.

Mkurugenzi aliita mkutano. Alisema kiwanda ndicho chenye makosa, na hospitali imefanya kazi ya kupigiwa mfano, na Bi Maswali asimame apigiwe makofi. Akasimama. Yule nesi wa wodi ya watoto alimkumbatia akilia mbele ya watu wote, akamwita "mwokozi wa baba yangu". Utamwambia nini mtu kama huyo? Bi Maswali alimpigapiga mgongoni, akaketi.

"Usijitie kitanzi," Mzee wa Seva alimwambia walipobaki wawili. "Wa kwanza kukuomba nilikuwa mimi."

"Wa kwanza nilikuwa mimi," Bi Maswali alijibu.

Wiki ile ile alifunga furushi la pili, la kila toleo na waliolipata. Hakuuliza mtu, hakuitisha kikao. Dirisha la dawa lilipunguza mwendo kidogo sana, na mfamasia mkuu alipita pale, akaona, akasema "vizuri". Kazi yenyewe ilimchukua muda mfupi kiasi kwamba alipomaliza aliinamisha kichwa juu ya meza na kulia kwa sauti.

Nyumbani alimweleza mama yote, toka mwanzo. Mama alisikiliza akiwa amenyoosha miguu juu ya stuli, akikanda goti.

"Kwa hiyo ulianza na mimi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ningekuzuia?" Mama alijiuliza mwenyewe na kujijibu. "Nisingekuzuia. Ningekwambia haraka, niangalie." Akaliacha goti. "Mwili wake uko wapi?"

"Hospitali. Hakuna wa kuuchukua."

"Basi nenda," mama alisema. "Unakaa hapa kufanya nini?"

Akaenda kesho yake, asubuhi, kabla ya kuingia ofisini. Chumba cha maiti kiko nyuma ya jengo la dobi, mlango wa kijani, dirisha dogo lenye nondo. Muuza nyuzi alikuwepo pamoja na wapangaji wawili wa nyumba ya marehemu. Walikuwa tayari kuzika, walikuwa wameshachimba na kila kitu, lakini waliambiwa mwili hauwezi kutolewa kwa majirani. Atafutwe ndugu, aandikwe, aweke sahihi. Walikuwa wamesimama tu, hawajui waende wapi.

Bi Maswali alisogea dirishani. Ndani alikuwa yule karani mwenye sauti ya upole. Alipomwona alitabasamu kwa furaha ya kweli.

"Bi Maswali! Karibu, karibu mama. Shangazi anakusalimu, ujue. Kila siku anakuombea."

"Namshukuru. Nimekuja kumchukua fundi cherehani."

Karani aliandika namba, furushi likafunguka mbele yake, akasogeza macho mpaka mahali penye pengo. "Hapa pa ndugu hapana mtu. Niandike nani?"

"Niandike mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Andika ndugu."

Karani akaacha kuandika. Akainua uso, na uso wenyewe haukuwa na ubaya wowote, ulikuwa na huruma na mshangao tu. "Ndugu yako? Maskini, pole sana mama. Lakini siku ile sote tulikuwa pale mlangoni kwako. Ulituangalizia wetu wote. Huyu wako mbona hukumwangalia?"

Muuza nyuzi na wale wapangaji wawili walikuwa wamesogea, wanasikiliza. Bi Maswali alishika nondo ya dirisha.

"Siku ile hakuwa ndugu yangu," alisema.